Mlembe Anamsubiri Nani?

Niliombwa nizungumze juu ya mtoto na kiumbe wa porini. Mada hiyo ni pana, nami nimeipunguza makusudi nikabaki na ndege mmoja tu, mlembe, na watoto wanaokua wakimfuata: wa Kihadzabe kando ya Ziwa Eyasi, wa Kiyao ng'ambo ya Mto Ruvuma, wa Kiborana kaskazini mwa Kenya, wa Kiaweer katika misitu ya Lamu. Mlembe hafugwi, hafungwi kamba, hauzwi sokoni, na bado humwita binadamu kwa hiari yake mwenyewe. Wanyama wa mwituni wenye tabia hiyo ni wachache mno. Kule Laguna, kusini mwa Brazili, wako pomboo wanaowasukumia samaki wavuvi wenye nyavu. Ukishawataja hao, utatafuta sana kabla hujampata mwingine.

Ukimwona mlembe mtini huenda usimtazame mara ya pili. Ni ndege wa kijivu na kahawia, urefu wake unakaribia sentimita 20, uzito wake gramu 50 hivi. Dume mzima ana koo jeusi na doa jeupe shavuni. Wachanga wana koo na kifua chenye umanjano. Ajabu yake imo tumboni: anakula nta na kuimeng'enya, jambo ambalo wanyama wengi hawaliwezi. Mwishoni mwa karne ya 16 padre Mreno aliyehudumu Sofala, João dos Santos, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta. Aliiandika habari hiyo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1609, akaeleza pia jinsi ndege hao walivyowaongoza wenyeji hadi penye nyuki. Wenyeji hao walikuwa wakiyajua hayo vizazi vingi kabla padre hajashika kalamu.

Nta anayoitaka mlembe imefichwa ndani ya shina la mbuyu au kwenye ufa wa mwamba, na nyuki wetu wa Afrika wanaweza kumuua ndege kwa miiba yao. Anajua kiota kilipo, lakini hana uwezo wa kukifungua. Binadamu ana moto, moshi na shoka, ila anaweza kuzunguka porini kutwa nzima asikione. Basi mlembe humtafuta mtu. Hutua karibu naye na kutoa mlio wa kukatika-katika, kama mtu anayetikisa kiberiti chenye njiti chache. Mtu akijongea, ndege huruka mbele, akitanua mkia ili manyoya meupe ya pembeni yaonekane, kisha hutua na kumngoja. Mtu akisimama, ndege hurudi kumhimiza.

Kwa muda mrefu wasomi waliosikia habari hii walidhani imetiwa chumvi. Mwaka 1989 jarida la Science likachapisha utafiti wa Hussein Isack, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer. Walifuatana na warina asali wa Kiborana na kupima walichoambiwa. Wazee walidai kwamba mlembe hueleza mambo matatu: upande kilipo kiota, umbali wake, na kwamba sasa tumefika. Vipimo viliwaunga mkono. Katika maeneo wasiyoyazoea, warinaji waliotafuta bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 hadi kupata kiota. Waliofuata ndege walitumia saa 3.2. Na katika kila viota 100 walivyoonyeshwa, 96 vilikuwa mahali ambapo mlembe asingeipata nta mpaka binadamu avunje.

Naomba tukae kidogo hapo kwenye umbali, maana hapo ndipo shule ya mtoto inapoanza. Isack na Reyer waligundua kwamba kadiri kiota kinavyokaribia, mambo kadhaa hubadilika. Ndege akitoweka mara ya kwanza, hukawia kidogo tu. Vituo vyake huwa karibu karibu zaidi. Hata tawi analotua huwa la chini zaidi. Akishafika hubadili mlio, hukaa kimya kati ya mlio na mlio, na mtu akimkaribia haendi mbali tena, bali huzunguka palepale. Mtoto anayekimbia nyuma ya baba yake lazima ajifunze kuyasoma yote hayo kwa pamoja, macho yakiwa juu na miguu ikipita kwenye miiba. Akipotewa na ndege, anasikiliza. Akimsikia asimwone, anakadiria. Hakuna anayemwandikia ubaoni. Mimi nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na nawaambia kwa dhati kwamba kukadiria umbali kwa kupima muda wa ukimya wa ndege ni hesabu, tena hesabu ngumu.

Sasa tumtazame mlembe mwenyewe anavyolelewa, kwa sababu historia yake inashangaza na si ya kupendeza. Mama mlembe hajengi kiota. Hutaga katika viota vya ndege wengine wanaoishi mashimoni, kama keremkerem na hudihudi. Kinda lake huanguliwa likiwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, bado kipofu, na katika giza la shimo lile huyauma makinda ya mwenye nyumba mpaka yafe. Claire Spottiswoode, mtafiti wa ndege wa vyuo vikuu vya Cambridge na Cape Town, na mwenzake walirekodi tukio hilo kwa kamera kwenye viota vya keremkerem nchini Zambia na kulichapisha mwaka 2012. Kinda hilo hulelewa na wazazi ambao hawali nta wala hawajawahi kumwongoza mtu yeyote. Likikua na kutoka shimoni, halina mama wala baba wa kulifundisha. Hata hivyo siku moja litatua mbele ya binadamu na kuanza kumwita.

Kwa hiyo hamu ya kuongoza yumkini mlembe amezaliwa nayo. Mtoto wa binadamu hazaliwi nayo hata kidogo. Yeye hufundishwa, na anachofundishwa hakifanani kutoka mahali hadi mahali. Waborana hupuliza mluzi ndani ya viganja vilivyofumbatwa, au kwenye ganda la konokono, au kwenye kokwa la mkoma lililotobolewa, na sauti yake hufika mbali kuliko kilomita moja. Wahadzabe hupiga mluzi wenye mahadhi, unaopanda na kushuka. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno mfupi kifuani: brrr, hm. Wakiulizwa wameipata wapi sauti hiyo, warina asali wa Niassa hujibu kwamba ni kwa baba zao, na kwamba hawaibadilishi kwa sababu ndiyo inayofanya kazi.

Mwaka 2016 Spottiswoode, akiwa na Keith Begg na Colleen Begg waliokuwa wakifanya kazi Niassa, aliipima sauti hiyo. Warina asali walitembea porini huku kipaza sauti kikitoa mwito wa Kiyao, au sauti nyingine za watu, au sauti za ndege wengine. Mwito halisi wa brrr, hm uliinua uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka asilimia 33 hadi 66. Uwezekano wa kuongozwa na kuonyeshwa kiota cha nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Ndege hakuvutiwa na sauti yoyote tu ya binadamu; aliitafuta ile yenye maana ya kwamba mtu huyu ametoka nyumbani kuja kurina asali.

Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wahadzabe, wakauliza swali ambalo nadhani ndilo zuri kuliko yote: je, mlembe wa Eyasi anaielewa sauti ya Niassa? Wakawachezea walembe wa milima ya Kidero, katika eneo la Wahadzabe nchini Tanzania, mluzi wa Kihadzabe na mwito wa Kiyao. Walembe hao waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu ya walivyoitikia ule mwito wa kigeni. Niassa mambo yakageuka: walembe wa huko waliitikia brrr, hm karibu mara mbili ya mluzi wa Kihadzabe. Ndege ni wa jamii ileile, wana manyoya yaleyale na hamu ileile ya nta. Kilichowatofautisha ni watu waliokua karibu nao.

Mlembe mchanga, asiye na mzazi wa kumfundisha, yaelekea hujifunza lugha ya kijiji anachokikuta. Huenda hujifunza kwa kuwasikiliza watu, kwa kuwafuata, kwa kuona ni sauti gani inayoishia kwenye nta. Na mtoto wa kijiji hicho hujifunza sauti hiyohiyo kwa baba na kaka zake. Wanafunzi hawa wawili wanasoma somo moja katika miaka ileile, na kila mmoja anamhitaji mwenzake ili somo hilo liwe na maana. Tunapousifu ujanja wa mlembe tunapaswa kukumbuka kwamba sehemu ya ujanja huo haimo kichwani mwake. Imo vinywani mwa watoto. Siku watoto watakapoacha kupiga mluzi ule, ndege atabaki na hamu yake ya kuongoza, lakini hatakuwa na wa kumwambia nani yuko tayari.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Yanayobaki ni ya kulifafanua, na la kwanza ni malipo.

Katika jamii nyingi mtoto huambiwa kwamba ukimnyima mlembe fungu lake, safari ijayo atakupeleka kwa simba au kwa chatu. Wayao wa Niassa hukusanya masega yenye nta na kuyatandika juu ya majani mabichi karibu na mti uliopasuliwa, ili ndege ayaone na ayale. Mtoto akiwa hapo hujifunza deni kwa macho yake, tena deni kwa kiumbe asiyeweza kuja nyumbani kulidai.

Wahadzabe wana desturi tofauti. Wood na wenzake walieleza mwaka 2014 kwamba mara nyingi Wahadzabe hawamwachii mlembe kitu. Huyachoma masega yaliyobaki, huyafukia au huyaficha, wakieleza kwamba ndege akishiba hataongoza tena leo. Najua baadhi yenu mnaposikia hivyo mnawahukumu. Mimi siwahukumu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mlembe huwaongezea Wahadzabe kasi ya kupata viota kwa asilimia 560, na kwamba chakula kinachopatikana kwa msaada wake ni kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chao chote. Watu wanaomtegemea kiumbe kiasi hicho wamemchunguza kwa makini kuliko mimi na wewe. Na ndege hawajawakimbia. Hata mabaki madogo yanayodondoka yanawatosha kurudi kesho. Mtoto wa Kihadzabe hufunzwa kwamba rafiki wa porini ana njaa yake na hesabu zake, na kwamba hufanyi naye kazi kwa kumdekeza. Ninaiheshimu elimu hiyo kama ninavyoiheshimu ile ya majani mabichi ya Niassa.

Hapa ningependa kuuweka urafiki huu kando ya aina nyingine tunayoijua zaidi. Konrad Lorenz wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1903, alipokuwa mtoto alipewa kifaranga cha bata cha siku moja, kikamfuata kila aendako kana kwamba yeye ni mama yake. Mapenzi hayo ya utotoni yalimfikisha kwenye sayansi ya tabia za wanyama, na mwaka 1973 akashiriki Tuzo ya Nobel. Ni hadithi nzuri. Huku kwetu pwani tunao kasuku, ambao wamekaa vibarazani mwetu wakitamka salamu na majina ya watoto wa nyumba. Lakini kasuku wa kijivu wa misitu ya Afrika amekamatwa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2016 nchi zilizokutana Johannesburg chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe zilikubaliana kuzuia kabisa biashara ya waliokamatwa mwituni. Ndege aliyemo tunduni anasema maneno yetu kwa sababu hana wenzake wa kusema nao. Mlembe yuko katika msitu wake, na akitaka kuondoka anaondoka. Mtoto anayeitikiwa na ndege wa namna hiyo ameaminiwa na kiumbe asiyelazimika kumwamini. Kwa maoni yangu hakuna zawadi ya mnyama wa kufugwa inayofikia hapo.

Tena mtoto haanzi na mlembe. Watoto wa Kihadzabe hutoka kutafuta chakula wenyewe kwa wenyewe wakiwa bado wadogo. Wavulana hushika upinde mapema sana, na wasichana kwa wavulana huchuma matunda ya porini na ubuyu karibu na kambi. Asali wanayoianza ni ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo mtoto anaweza kuitoa bila kuumia. Mengi huyapata kwa watoto wenzao waliowazidi umri kidogo tu. Nyuki wakali, mwenge wa moshi na vigingi vya kupandia mbuyu huja baadaye, mkono ukishapata nguvu na moyo ukishatulia. Mlembe anaingia katikati ya safari hiyo ndefu. Ukikata miaka ya mwanzo, huwezi kuirudisha kwa semina ya siku mbili mtoto huyo akiwa na umri wa miaka ishirini.

Nimesema yote haya kwa furaha, na sasa nasema yanayonihuzunisha. Herbert Friedmann, Mmarekani aliyeandika kitabu kikubwa juu ya ndege hawa mwaka 1955, tayari alibaini kwamba tabia ya kuongoza ilikuwa ikififia mahali ambapo watu walianza kupata sukari kwa urahisi na kuacha kumfuata ndege. Tangu wakati huo sukari imefika kila duka la kijiji. Mizinga ya kisasa imeenea, na sina ugomvi nayo, maana imewapa kipato akina mama wengi. Hifadhi nyingi zimepiga marufuku kurina asali ndani ya mipaka yake. Misitu imekatwa kwa mashamba na mkaa. Mlembe mwenyewe hayuko hatarini kutoweka. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Kinachotoweka ni mazungumzo. Nchi inaweza kuwa na walembe maelfu na isiwe na mtoto hata mmoja anayejua kuwajibu, na hakuna orodha ya viumbe walio hatarini itakayolionyesha jambo hilo.

Katika sababu hizo sijataja shule, nami ni mwalimu, kwa hiyo sina ruhusa ya kuiruka. Watoto wengi wa jamii za wawindaji na warina asali hupelekwa kulala bwenini mbali na kambi zao. Wanajifunza kusoma, kuhesabu, Kiswahili cha vitabuni, na wana haki ya kuyapata yote hayo kama mtoto wa mjini. Nisieleweke kwamba nataka wabaki bila kalamu. Lakini miaka wanayokaa bwenini ndiyo miaka ileile ya kumfuata kaka porini. Tumewawekea elimu mbili saa moja, kisha tukashangaa kwamba moja imeshindwa. Mbaya zaidi, wako watoto wanaofika darasani wakakuta kwamba wanachokijua kinaitwa ushamba. Mtoto aliyeongozwa na ndege hadi kwenye asali, akachekwa kwa kulisimulia hilo, hatalisimulia tena, na huenda hatamfundisha mwanawe.

Mnaweza kuniuliza: kwa nini tusiurekodi mluzi huo tukauhifadhi? Turekodi, naunga mkono, na makumbusho yetu yafanye hivyo haraka wakati wazee wapo. Lakini majaribio ya Niassa na ya Kidero yametuonyesha kitu cha kuzingatia. Kipaza sauti kiliweza kumwita ndege, kisha ikabidi mtu amfuate, apande, awashe moshi, apasue, agawe. Mlembe mchanga atajifunza sauti ya mahali penye watu wanaofika hadi mwisho wa kazi. Akiitwa mara nyingi na sauti isiyomfikisha kwenye nta, hana sababu ya kuendelea kuiitikia.

Kinachohifadhi mazungumzo haya ni ardhi na muda wa watoto. Upande wa ardhi tunao mfano wa kujivunia. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja, wakisaidiwa na Ujamaa Community Resource Team, na misitu ya mibuyu katika eneo hilo ikapata ulinzi wa kisheria ambao haikuwa nao. Hati ya namna hiyo inalinda mbuyu, nyuki, mlembe na kambi kwa mpigo mmoja. Jamii nyingine zinaidai, na zinastahili kusikilizwa.

Upande wa muda ndio ulio mikononi mwetu walimu, na hapo nina ombi mahususi. Kalenda ya masomo hupangwa kwa taifa zima, wakati maua na asali hufuata mvua za kila mahali. Kamati za shule katika maeneo ya warina asali zikae na wazee, ziwaulize asali ya kwao huiva lini, na ziombe rasmi kwamba katika majuma hayo mtoto akiwa porini na mzazi wake ahesabiwe yuko masomoni. Mzee anayempeleka akubaliwe kama mwalimu wa muda, na akirudi aje darasani kueleza walichokiona, watoto wote wakisikiliza, wakiwemo wasio wa kabila lake. Nimeandika rasimu ya barua hiyo. Nakala ziko mezani pale mlangoni, na anayetaka kuitia sahihi au kuisahihisha, naomba asiondoke kabla hajafanya hivyo.